Sekunde Kumi na Nne

Gari ilishuka melini ikisema Kijapani.
Kila nikiwasha, mwanamke ndani ya kioo
alinisalimu kwa adabu, akanipa habari ndefu,
na ramani ikanionesha niko baharini,
mshale mwekundu juu ya buluu tupu,
na mimi niko Jadida, mbele ya duka la mkate.

Mwisho akadai nenosiri.
Nikamjaribu kwa sifuri, kwa miaka, kwa bismillahi.
Hakufunguka.

Basi nikaing'oa redio nzima.
Skrubu nne, klipu saba, moja ikavunjika
maana moja lazima ivunjike,
na tundu likabaki katikati ya dashibodi
kama pengo la jino la mbele:
kila apandaye hulitazama hilo, hanitazami mimi.

Miezi mitano nililala na tundu lile kichwani.
Kioo nilikitoa kwenye tableti ya Shaame
iliyovunjika mgongo ikasalimika uso.
Bodi, ndogo kama kibiriti, ilitoka Unguja
imefichwa ndani ya kiatu cha mpwa wangu.
Fremu alinichongea Faki Mcha, fundi wa vitanda,
kwa kipande cha mvule kilichobaki,
akaniuliza mara tatu: hiki kitanda cha nani?

Umeme ndio ulionitia adabu.
Gari hutoa volti kumi na mbili, bodi hunywa tano;
usiku wa kwanza nikakosea waya,
moshi mwembamba, harufu ya ukucha ulioungua,
na elfu tisini zangu zikaenda zake kimya.
Fyuzi kwanza, majigambo baadaye.
Kisha nikatia rilei, ili nikizima ufunguo
umeme usikatike ghafla,
bodi ipate kukusanya vyake, ifunge mafaili, ndipo ilale.
Sekunde kumi na nne. Nimezihesabu.

Zuwena alishika tochi
akamulika kila mahali ila penye waya.
"Kwani wewe njia ya Gando huijui?"
Naijua.
"Ya Konde?"
Naijua tangu haijatiwa lami.
"Sasa hii itamwambia nani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na lehemu inapoa.

Lakini sauti ni yake.
Tulirikodi ndani ya kabati,
kanga zimetuning'inia usoni zimeze mwangwi,
mimi na simu, yeye na kicheko, tunaanza upya:
Kata kulia. Kata kushoto. Hapo pana shimo, taratibu.
Umepita, rudi. Nimesema rudi.
Maneno thelathini, na la thelathini na moja akalikataa.
Umefika? Hilo hasemi.
"Mtu hafiki kwa kuambiwa na gari yake.
Hufika akikaribishwa."
Faili lile nikaliacha tupu.

Mwezi wa Sita tuligombana,
si kwa ajili ya kompyuta,
ingawa nayo ilitajwa, pamoja na zile elfu tisini.
Akenda kwao Konde na begi moja na pasi.

Siku ya tisa, jioni, natoka kwenda kujaza gesi,
mtungi unagongagonga nyuma,
kioo kikachukua muda wake kuamka.
Ndani yake nilikuwa nimeisahau safari ya majaribio,
ile ya kwanza, ya kwa mama mkwe.
Nimeshalipita duka la gesi, naipita na njia panda,
ikasema: Umepita, rudi.
Nimesema rudi.

Nikacheka peke yangu. Kisha sikucheka.

Kata kulia. Kata kushoto. Hapo pana shimo.
Shimo limeshazibwa tangu Ramadhani;
nikapunguza mwendo vivyo hivyo.

Taa ya barazani kwao ilikuwa inawaka,
na ndara zake mlangoni, moja imepinduka.
Mashine ikanyamaza, kama ilivyofundishwa.
Nikazima ufunguo.
Kioo kikabaki na mwanga wake mdogo
kikikusanya vyake, kimoja kimoja,
na mimi mkono uko kwenye kitasa cha mlango
nakingoja kimalize
kabla sijapiga hodi.